Uliza Mwalimu: Wasifu wa mashujaa si utafiti?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma sosholojia mwaka wa tatu, na utafiti wangu unahusu madaktari wanawake wa mwanzo Uingereza. Nimekusanya wasifu wao, lakini msimamizi amenirudishia pendekezo akiandika: "Hizi ni hadithi za mashujaa, utafiti uko wapi?" Nifanyeje?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako mkali, ila ana hoja. Wasifu unakuonyesha aliyepita, haukuonyeshi mlango ulifungwa kwa komeo gani. Mimi kabla ya kustaafu nilitunza nyaraka za chuo miaka mingi, kwa hiyo nina upendeleo wangu: kwanza soma kanuni za mitihani, viwango vya karo na kumbukumbu za vikao.

Anza na Sheria ya Udaktari ya 1858, iliyoanzisha rejista ya madaktari Uingereza. Haikumkataza mwanamke popote. Ilitaka tu uwe umefaulu mtihani wa taasisi ya huko inayotambuliwa, na taasisi hizo hazikuwataka wanawake. Elizabeth Blackwell, mwenye shahada ya Marekani ya 1849, aliandikishwa kwa kuwa sheria iliwaachia nafasi wenye shahada za nje waliokwisha kufanya kazi Uingereza. Wa baada yake wakakosa nafasi hiyo.

Elizabeth Garrett naye akaona kwamba hati ya kuanzishwa kwa Chama cha Watengeneza Dawa cha London haikuwabagua wanawake. Mwaka 1865 wakalazimika kumpa leseni ya kutibu. Kisha wakabadili kanuni: masomo ya faragha hayahesabiwi tena, lazima mtu asome katika shule ya udaktari. Na shule hizo hazipokei wanawake! Mstari mmoja kama huo wa kanuni mimi siubadilishi na wasifu kumi.

Halafu nenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Mwaka 1869 Sophia Jex-Blake na wenzake waliandikishwa chuoni, baadaye wakafika saba. Walitengewa madarasa yao na, kwa uchache wao, wakatozwa karo kubwa kuliko wanaume. Edith Pechey alipofanya vizuri kuliko wanaume waliofuata katika kemia, ufadhili wa masomo aliostahili ukapewa mwanamume aliyekuwa chini yake. Sababu? Eti hakusoma darasa moja na wanaume, wakati waliomtenga ni haohao. Tarehe 18 Novemba 1870 walifungiwa geti la Surgeons' Hall, jengo walikokwenda kufanya mtihani, huku wakirushiwa matope, na kondoo akasukumwa ndani ya chumba cha mtihani. Waandishi wanampenda sana huyo kondoo. Wewe mpe sentensi moja, usonge mbele hadi 1873, mahakama ilipoamua kwamba chuo hakikuwa na mamlaka ya kuwapokea tangu mwanzo.

Sheria ya 1876 iliruhusu taasisi kuwatahini wanawake, haikuzilazimisha. Jex-Blake alichukua shahada Bern, Uswisi, mwaka 1877, na leseni akaipatia Dublin, Ayalandi.

Wasifu wako usiutupe. Kumbukumbu za vikao ziliandikwa na waliofunga mlango, hivyo barua za wanawake wenyewe utazihitaji kuzipima. Ila swali lako libadilike: kila alipopita mwanamke mmoja, kanuni gani ilirekebishwa? Chora jedwali la mwaka, taasisi, kanuni na waliopitisha. Mstari mmoja nakupa bure: Chama cha Madaktari cha Uingereza kilimpokea Garrett 1873, kikafungia wanawake wengine 1878, kikafungua tena 1892. Mpelekee msimamizi jedwali hilo kabla hujaandika sura yoyote.