Uliza Mwalimu: Tembo gani anayetiwa maji?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, nashonea kwenye baraza la duka karibu na soko la Mbuyuni. Juzi mteja kaisifia suti ya kitenge niliyomshonea, akasema mji mzima hajaona fundi kama mimi. Fundi mkuu wangu akadakia: "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Watu wakacheka. Tembo nimewaona Tarangire, sasa huyu anatiwaje maji? Je, nilitukanwa? Na wengine husema "mgema ukimsifu". Ipi sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tembo wa Tarangire mwache huko huko, hahusiki. Methali inasema "hulitia". Angekuwa mnyama tungesema "humtia". Tembo hili ni pombe ya mnazi, na sisi wa mlimani tuliokulia mbege, pombe ya ndizi na ulezi, hatulaumiwi kwa kutolijua. Mimi mwenyewe nililijua nilipopangiwa kufundisha Pangani.

Mgema hukwea mnazi na kulifunga kamba karara changa, yaani ganda linalofunika maua ya mnazi, kabla halijapasuka. Hukata ncha yake kwa kotama, kisha hutundika kibuyu. Utomvu unadondoka tone kwa tone. Asubuhi na jioni hukwea tena, akashusha kilichopatikana na kuchonga kidogo pale alipokata pasije pakaziba. Likishuka tu ni tembo tamu. Jua likipanda linaumuka lenyewe, bila hamira wala kimea, na jioni ni tembo kali. Ukililaza siku kadhaa umepata siki.

Shuleni tunafundisha kwamba mgema hulewa sifa akabweteka. Sawa, lakini mimi naona na biashara imo. Sifa huleta wanywaji, na mnazi hautoi zaidi eti kwa sababu kilabuni kumejaa. Mgema afanyeje? Tembo ni jeupe, lina ukungu, kikombe cha maji kikiingia humo hakionekani. (Jaribu hivyo kwenye mbege! Ulezi ukipungua kidogo tu, wazee wa Kibosho wanaweka kata chini na kuaga.)

Kwa hiyo hukutukanwa. Fundi wako anajua huyo mama atarudi na mashoga zake, wote wanataka nguo kabla ya harusi ya Jumamosi, na wewe mikono ni ile ile miwili. Hapo ndipo bitana huachwa, pindo likapigwa mshono mmoja badala ya miwili, vifungo vikashikizwa kwa uzi wa kuombea. Onyo lake ni la haki. Ila kukuonya mbele ya mteja wako, hapo sikumpenda, angekuvuta pembeni.

"Akisifiwa" na "ukimsifu" zote zinasemwa, wala hakuna aliyekosea. Mimi hutumia "akisifiwa", maana "ukimsifu" inamnyooshea kidole mteja, na mteja kosa lake ni kupenda nguo yake.