Mti ulioinama: kuukwea au kuukata ukiwa umesimama chini?

Umeuliza kama ni salama kuukwea mti ulioinama ili kuukata, au ni afadhali kuukata ukiwa umesimama chini. Kagua kwanza udongo upande wa nyuma, yaani ulio kinyume na mwinamo: ukiwa umepasuka au mizizi imeinuka, usiukwee kabisa.

Ukiukata ukiwa umesimama chini, hatari kubwa ni shina kupasuka wima na kukurukia kifuani, kwa sababu nyuzi za nyuma zimevutwa sana. Kwa hiyo usianzie nyuma. Chonga pengo mbele, upande mti ulikoinamia, lisizidi robo ya unene wa shina. Nyuma yake acha bawaba, yaani ukanda usiokatwa unaoongoza mti unapoanguka, ya sehemu moja ya kumi ya unene, kisha toboa shina nyuma ya bawaba kwa msumeno wa mnyororo, ukianza na sehemu ya chini ya ncha ya msumeno. Sehemu ya juu ya ncha hurusha msumeno usoni. Kata kuelekea nyuma, bakiza ukanda usiokatwa upande wa nyuma. Huo ukate mwisho, umesimama pembeni.