Shangazi Kocha Anajibu: Ngazi ya 1 au ya 2?

SWALI

Shikamoo Shangazi. Nina binti wa miaka 9, tunaishi Houston, Texas. Mwaka jana alianza ushangiliaji, huu mchezo wa wasichana wa pompomu wanaorushwa juu, na tangu hapo nyumbani hatusikii habari nyingine. Tumempatia nafasi kwenye kambi ya kiangazi, lakini fomu inataka nimchagulie ngazi: ya 1, ya 2 au ya 3. Gurudumu (kujizungusha kiubavu kwa mikono) na raundofu (kama gurudumu, ila unatua kwa miguu yote miwili pamoja) anapiga vizuri. Hendispringi ya nyuma, yaani kujirusha kinyumenyume ukapita kwa mikono hadi kusimama tena, anaipiga kwenye trampolini ya jirani, na ukumbini anaipiga kocha akimwekea mkono mgongoni. Rafiki yake wa shuleni ameandikishwa ngazi ya 2. Baba yake anasema tukimweka ya 1 tutakuwa tunalipia vitu anavyovijua. Mwenyewe, kwa kuwa ana umbo dogo, anataka awe flaya, yule anayenyanyuliwa juu na wenzake. Niandike ipi?

Mama wa Houston

JIBU

Marahaba, mwanangu. Andika ngazi ya 1.

Jibu umelitoa wewe mwenyewe uliposema kocha humwekea mkono mgongoni. Ule mkono unafanya kazi kubwa kuliko unavyoonekana ukiwa umekaa kwenye viti vya wazazi. Unambeba sehemu ya uzito na unamtoa hofu. Trampolini nayo inamrusha, kwa hiyo mabega na viganja vyake havijajifunza kusukuma sakafu. Mtoto wa namna hiyo akiambiwa ajirushe peke yake kwenye sakafu ya mazoezi, viwiko vinakunjika na kichwa kinatangulia chini. Nimefundisha watoto wadogo hapa Texas, na hilo la viwiko ndilo linaloninyima raha kuliko yote.

Namba unazoziona kwenye fomu kambi nyingi huziazima kutoka kwa USASF, chombo kilichoanzishwa mwaka 2003 kuweka kanuni za klabu za ushangiliaji Marekani. Ngazi ya 1 ni mabiringiko, gurudumu, raundofu, na kujipinda daraja kisha kuvusha miguu. Hakuna kujipindua mwili ukiwa hewani. Hendispringi ya nyuma inaanzia ngazi ya 2. Ya 3 inaruhusu samasoti isiyogusa mikono, mtoto akiwa ametoka na mbio na raundofu. Ukikutana na fomu isiyo na namba, iliyoandikwa tu wanaoanza, wa kati na waliobobea, piga simu uulize watoto wa kila kundi wanafanya nini, maana kila kambi ina kipimo chake.

Hendispringi mimi huipima hivi: sakafu ya kawaida ya mazoezi, hakuna godoro, hakuna mkono wa mtu, mara 3 mfululizo, tena mwisho wa mazoezi akiwa amechoka. Zikitoka zote 3 salama, ameimudu. Video ya siku ile moja aliyoipatia haitoshi, hata kama bibi yake Tanzania ameishaiona. Kambini watoto wanashinda kutwa nzima, na kinachofanyika asubuhi miguu ikiwa mipya hakifanyiki hivyo hivyo saa 9 alasiri.

Sasa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalitazami. Ukiandika ngazi ya 2 kwa ajili ya hendispringi, umeandika na kimo pia. Kwenye ngazi ya 1 flaya akisimama kwa miguu miwili anaishia usawa wa mabega ya wanaombeba. Kwenye ya 2 wanaweza kumnyanyua hadi mikono yao inyooke kabisa juu ya vichwa vyao, na kwenye usawa wa mabega anaweza kusimamishwa kwa mguu mmoja. Hapo si mwili wake peke yake ulio hatarini. Flaya asiyejua kukaza mwili anawaangukia watoto wenzake walio chini, na mbebaji aliyepewa ngazi isiyo yake anamwangusha mtoto wa mwenzio.

Umbo dogo halimfanyi mtu kuwa flaya. Anatakiwa awe na tumbo na mapaja yanayokaza kama ubao, na atulie akihisi anayumba. Mwambie ajifunze kwanza kubeba, na kusimama nyuma kama mlinzi wa anayebebwa. Flaya niliowaamini zaidi ni wale waliowahi kubeba, kwa sababu wanajua mikono ya chini inahitaji nini kutoka kwao.

Baba yake namwelewa. Hela ya kambi si ndogo. Ila ngazi ya 1 si kurudia darasa. Ndipo mikono inaponyooshwa, sauti inapojengwa, na miruko inapofundishwa, ukiwemo ule uitwao Herkie, mguu mmoja umenyooshwa pembeni na mwingine umekunjwa. Jina limetokana na Lawrence Herkimer, ambaye mwaka 1948 aliendesha kambi ya kwanza ya mchezo huu Huntsville, mji ulio kaskazini mwenu huko huko Texas, kwa wasichana 52 na mvulana 1. Na kama binti ataiva mapema, kupandishwa katikati ya kambi ni furaha. Kushushwa mbele ya rafiki yake ni jambo jingine. Nimewafuta watoto machozi ya namna hiyo, na siku iliyobaki huwa imeshaharibika. Huyo rafiki watakula pamoja mchana na kurudi nyumbani pamoja.

Kabla hujalipa, uliza kama siku ya kwanza makocha wanawapima watoto upya, na kama inawezekana kuhamishwa ngazi. Uliza wanafanyia wapi mazoezi. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishatoa mwongozo mwaka 2012: kubebana na kujipindua kusifanyike juu ya sakafu ngumu, iliyolowa au yenye mabonde, na mtoto anayeshukiwa kuumia kichwa atolewe mazoezini papo hapo, asirudi mpaka daktari aandike kwamba amepona. Kambi ikibabaika kujibu hilo la kichwa, mtafutie nyingine. Hapo sina mjadala.

Kocha wake wa sasa naye umuulize, kwa sababu ndiye anayejua ule mkono mgongoni unabeba kiasi gani. Halafu kwenye fomu, sehemu ya maelezo ya ziada, andika hivi: "Hendispringi ya nyuma anafanya kwa kushikwa na kocha." Mstari huo utamwonyesha kocha wa kambi mahali pa kuanzia naye.