Maswali na Majibu: Muziki Huu Uliandikiwa Chombo Gani?

Nimechukua wimbo wa kwaya wa sauti nne, doh (noti ya msingi) ni E♭, nikauweka kwenye gita noti kwa noti. Vidole havifiki. Nifanyeje? (Mwanakwaya, Kayole)

Vitafika vipi, na wimbo uliandikiwa koo nne? Anza kwa kushusha doh iwe D. Uzi wa nne ukiwa wazi unakupa doh, wa tano soh, bila kubonyeza chochote, na mkono wa kushoto unabaki huru kufuata melodi. Kisha shika soprano na besi. Alto na tenor wachukue pale tu kodi (chord, noti kadhaa zinazolia pamoja) inapowahitaji. Wengine waache, hakuna atakayewalilia. Jihadhari pia na noti ndefu. Kwaya inaweza kuishika noti mipigo minne ikizidi kunenepa, lakini ya gita huanza kufa mara tu inapopigwa. Ivunje: pitisha noti za kodi moja baada ya nyingine mpaka mipigo iishe.

Mwalimu wetu husema muziki uliohamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine haushindi wa asili. Ni kweli? (Mwanafunzi, Ngara)

Kwa heshima zote kwa mwalimu, sivyo. Isaac Albéniz alikuwa mpiga piano, na "Asturias" aliiandikia piano, ila aliiga gita: noti moja inarudiwarudiwa juu, melodi inatembea chini yake. Wapiga gita wakaishusha kutoka G minor hadi E minor, na ile noti inayorudiwa ikaangukia uzi wa pili ulio wazi. Leo wengi hudhani ni muziki wa gita tangu mwanzo. Na benga yetu je? Sikiliza gita lile la juu, utasikia vidole vya nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Waluo.

Kuna kuhamisha kunakonisumbua, lakini. Chaconne ya Bach ni ya vayolini moja. Mtunzi Busoni aliihamishia piano, akaijaza mikono yote miwili, ikanguruma. Mtunzi Brahms, kwenye piano hiyo hiyo, alitumia mkono wa kushoto peke yake. Mimi niko na Brahms, kwa sababu ule ugumu wa mtu mmoja kubeba kila kitu ni sehemu ya muziki wenyewe.

Naandikia nyatiti na okestra ya shule. Mpigaji anasema noti nyingine hazipo. Ananitania? (Mtunzi, South B)

Hakutanii. Nyatiti ina nyuzi nane, kila uzi na noti yake, na hakuna shingo ya kubonyezea. Kaeni pamoja mkubaliane noti hizo nane kabla hujaandika chochote. Tena usisahau mguu: kidole gumba kina pete ya chuma inayogongwa kwenye chombo chenyewe. Ukimpa melodi tupu, umemtumia nusu.

Programu ya kompyuta inapiga vizuri kila ninachoandika. Haitoshi? (Kijana, Githurai)

Haitoshi. Haipumui wala haina vidole. Chapisha ukurasa mmoja, mpelekee anayekipiga chombo hicho, uangalie anasita wapi. Ukurasa mmoja tu, tafadhali. Watu wana kazi.