Bakapu ikigoma kurudi, usifute kitu kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya seva, kuna ile saa seva imelala, bosi anapiga simu kila mara, unarejesha bakapu na yenyewe inagoma katikati. Presha ya hapo inaua data kuliko hata hitilafu yenyewe, maana mtu anafuta folda la zamani ili aanze upya, kumbe lile folda bovu ndo kitu pekee kilichokuwa kimebaki.

Kwahiyo kwanza nakili. Databesi iliyoharibika ibadilishe jina au ihamishie diski nyingine, faili la bakapu nalo litolee nakala ufanyie kazi kwenye hiyo nakala, na kama una mashine nyingine tupu rejeshea huko, sio juu ya ile ya kazini.

Afu soma logi (ule ujumbe wa kila hatua na makosa yake) kuanzia JUU. Wengi wanakimbilia mstari wa mwisho na unawapoteza, kwa sababu kosa moja la mwanzo linazaa mengine mia. Chukua PostgreSQL, programu ya databesi: skrini imejaa malalamiko kwamba jedwali halipo, unaanza kuamini faili limeoza, ila ukipanda mpaka mwanzo unakuta ekstensheni ya PostGIS (nyongeza ya kushughulikia data za ramani) haijawekwa kwenye seva mpya, basi aina ya data inayoitwa geometry haijulikani, jedwali linaloitumia likashindwa kuundwa, na kila kinachotegemea jedwali hilo kikaanguka nyuma yake. Unaweka PostGIS, unarudia kwenye databesi tupu, inapita. Ikilalamika kuhusu yuza hayupo, jua pg_dump, komandi ya kutoa bakapu ya databesi moja, haibebi mayuza, hao wanachukuliwa na pg_dumpall --globals-only, na hii watu wengi hawaifanyi mpaka siku ya msiba.

Vya haraka vya kuangalia: df -h kama nafasi ipo, df -i pia maana inodi (nafasi za kuorodhesha mafaili) zikiisha utaambiwa diski imejaa wakati unaona GB kibao ziko wazi, na gzip -t kujua kama faili la .gz ni zima au lilikatika wakati wa kuhamishwa. Kama umerejesha seva nzima na haiwaki, linganisha UUID (alama za utambulisho wa diski) za kwenye /etc/fstab, ile orodha ya diski za kuunganishwa seva ikiwaka, na zile komandi ya blkid inazokuonyesha, diski mpya huwa na UUID mpya.

Vesheni nazo ziangalieni sana. Januari 31, 2017 pale GitLab, kampuni inayohifadhi kodi za programu za watu, injinia alikuwa anataka kusafisha seva ya pili ya databesi, komandi akaipiga kwenye ile kuu, kati ya GB 300 hivi zikabaki kama 4.5. Wakaenda kwenye bakapu za S3, hifadhi ya mtandaoni ya Amazon, hamna kitu! pg_dump yao ilikuwa inatumia vesheni 9.2 wakati databesi ni 9.6, kwahiyo kila ikijaribu inashindwa, na barua pepe za kuwaambia imeshindwa nazo zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni snapshoti ya LVM (nakala ya diski ilivyokuwa wakati huo) ambayo mtu aliichukua kwa mkono kama masaa 6 kabla. Mimi naipenda sana hii kesi kwa sababu waliiandika wazi yote, na inaonyesha bakapu ambayo haijawahi kurejeshwa hata kwa majaribio huna uhakika nayo kabisa.

Ikisharudi usiwafungulie watu hapohapo. Angalia rekodi ya mwisho ni ya tarehe gani, hesabu mistari kwenye majedwali makubwa, mwambie mtu wa ofisini anayeijua kazi aingie atafute mteja wa juzi. Na kabla ya hapo zima kroni zote (kazi zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba), maana seva iliyorudi inaamini bado ni jana na inaweza kuanza kuwatumia wateja meseji na ankara ambazo walishazipata, ziwashe moja moja ukishajua kila moja inafanya nini.