Kabla ya Kuhesabu Vidonge, Uliza Usiku Ulikuwaje

Ninyi mnaoanza kazi, wa kliniki na wa mitaani, mtakabidhiwa madaftari matatu. Moja la Ukimwi, moja la pombe na mihadarati, moja la dhuluma za kijinsia. Kila daftari lina ripoti yake na mtu wake wa kulidai mwisho wa mwezi. Halafu ataingia mwanamke mmoja kutoka Obunga, na mtabaki mmeshika kalamu, kwa maana mahali pake ni kwenye madaftari yote matatu.

Obunga, mtaa wa mabanda, kwa wasioijua Kisumu ya Kenya, ina sifa mbili: mgongo wazi na chang'aa. Mgongo wazi ni mifupa ya samaki aitwaye mbuta iliyobaki baada ya kiwanda kuchukua mnofu. Akina mama huikaanga na kuiuza. Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ndiyo hulipa karo. Sasa mtazame mama pima, mwanamke anayeiuza. Analazimika kuionja anayoiuza, na mteja akimnunulia kikombe hakatai, kwa sababu kukataa ni kufukuza mteja. Saa nne usiku mmoja amekunywa na hataki kulipa, mwingine amelipa na anataka zaidi ya kinywaji. Askari wakivamia, atatoa pesa, na kama hana pesa ataombwa kitu kingine. Akifika kwake na harufu ya pombe, mume ana sababu ya kumpiga. Kidonge chake cha virusi vya Ukimwi kilikuwa cha saa tatu usiku. Je, mwanamke huyo amekosa dawa kwa sababu ya pombe, kwa sababu ya kipigo, au kwa sababu ya umaskini? Nimekaa katika kazi hii miaka mingi na sijaweza kuyatenganisha.

Aliyeyafunga pamoja kwa jina ni mwanaanthropolojia Merrill Singer, katika miaka ya 1990, akiwa kati ya maskini wa mji wa Hartford, Marekani. Aliyaita SAVA, herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza ya ulevi, dhuluma na Ukimwi. Hoja yake ni kwamba mambo haya hayakutani njiani kwa bahati. Kila moja hulilisha jingine, na ufukara ndio unaowasha moto. Watu wake wengi walikuwa wakijidunga sindano za mihadarati, wetu wengi wanakunywa. Lakini mngemsomea mama pima maelezo hayo angewauliza huyo bwana alifika Obunga lini.

Wekeni takwimu mbili kando ya kitanda kabla ya kulala. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta watu wazima 4.9 katika kila 100 nchini wana virusi, wanawake 6.6 na wanaume 3.1, Kisumu ilikuwa 17.5. Na utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa tangu walipofika miaka 15. Kwenye benchi la wanawake kumi asubuhi, msijidanganye kwamba aliyepigwa hayupo.

Nitawaambia nilipokosea, maana mtaambiwa mengi kuhusu mafanikio. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na orodha ya waliopotea kliniki. Nilipiga simu namba ya mama mmoja, akapokea mwanamume. Nikasema kwa sauti ya heshima kabisa kwamba naomba amkumbushe mama tarehe yake ya kuchukua dawa. Simu ilikuwa ya mume, na mume hakuwa anajua. Mama alikuja baada ya wiki tatu, jicho limefumba, na hakunilaumu hata kidogo. Aliuliza tu kama dawa zake bado zipo. Tangu siku hiyo, swali langu la kwanza si namba yako ni ipi. Ni: simu hii ni ya nani, nani mwingine huipokea, na nikipiga nijiite nani? Kuna mama aliniambia nijiite mtu wa chama, kile cha akina mama cha kuweka akiba. Nimekuwa mtu wa chama miaka sita.

Hali kadhalika mkitaka mume au mpenzi aletwe kupimwa. Kwanza mwulize mwanamke, akiwa peke yake, kama mtu huyo amewahi kumpiga, kumtishia au kumlazimisha kitandani. Akisema ndiyo, barua ya kumwita mtu huyo haiandikwi leo. Mkubwa wako atakuuliza kuhusu idadi ya waliopimwa. Mwache aulize.

Kosa la pili lilichukua muda mrefu zaidi kuonekana, kwa sababu lilifanana na wema. Nilikuwa nawaambia wanawake: "Mama, pombe na dawa haviendi pamoja." Wakaitikia. Wakaenda nyumbani wakafanya hesabu: leo nimekunywa, kwa hiyo leo simezi. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, vidonge vitatu vimebaki kwenye chupa, virusi vinapanda, na mimi ndiye niliyemfundisha. Semeni hivi: kunywa kidonge chako hata kama umelewa. Pombe huleta madhara yake, hasa kwa ini, na tutaizungumzia, lakini kikombe hakigeuzi kidonge kuwa sumu. Kukiruka ndiko kunakowapa virusi nafasi. Na kwa yule anayekunywa kila siku tangu asubuhi, mikono ikitetemeka asipopata, msimwamuru aache ghafla. Anaweza kupata kifafa na kuchanganyikiwa, hata kufa. Huyo anahitaji daktari.

Halafu lipo suala la saa. Vidonge vya zamani vyenye efavirenz vilileta kizunguzungu, ndiyo maana tulizoea kuwaambia watu wavimeze wakienda kulala. Vya siku hizi vyenye dolutegravir vinaweza kumezwa asubuhi, mradi iwe saa ile ile kila siku. Bado nakuta wanawake wanaong'ang'ania saa tatu usiku, saa ambayo nyumba yao haina amani hata kidogo, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kumeza usiku si amri tena. Ndiyo maana nasema ulizeni usiku ulikuwaje. Nani alikuwepo, mlikula nini, mlango ulifungwa saa ngapi.

Tazameni pia chupa. Chupa ya dawa hulia kama kayamba ukitembea nayo. Ukifungua ukakuta pamba imesokomezwa ndani, usimgombeze. Uliza ni nani asiyetakiwa kusikia.

Kuhusu ubakaji nitakuwa mkali. Dawa za kuzuia maambukizi huanza ndani ya saa 72, tena saa za kwanza ndizo bora, na humezwa siku 28. Ya kuzuia mimba hufaa hadi saa 120. Mwanamke aliyeletwa akiwa amelewa hurudishwa mara nyingi sana: alale kwanza, aje kesho akiwa na akili timamu. Kesho anaamka na aibu na haji tena. Nimeona hayo kwa macho yangu, mahali nisipopataja. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema wazi kwamba mtu aliyeathiriwa na pombe kiasi cha kuvurugika uamuzi wake hawezi kuhesabiwa amekubali. Kwa hiyo ulevi wake haumfuti. Matibabu kwanza; hahitaji kupitia polisi ndipo atibiwe. Nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana unyevu huharibu ushahidi. Wazee wa kijiji wakisema yamalizwe nyumbani kwa mbuzi, nyinyi endeleeni kujaza fomu. Namba ya simu ya bure ya msaada wa dhuluma za kijinsia ni 1195.

Tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025, vituo vingi vidogo walivyovizoea wanawake hawa vimefungwa, na wengi wamerudi kwenye foleni moja na kila mtu, ambako jirani anaweza kuwaona. Watapotea kwa wingi. Msiseme ni wakaidi.

Yule mama wa jicho nilimtafuta tena baadaye, kama mtu wa chama. Tulihamisha kidonge chake hadi saa kumi na mbili asubuhi, anapokwenda kuchota maji, na chupa ikakaa kwa jirani muuza omena ambaye naye anameza. Kipimo chake cha mwisho virusi havikuonekana. Mume aliondoka, akarudi, akaondoka. Chang'aa bado anauza.