Mwanangu, ombewa na vidonge umeze

Mwanangu,

Mwangaluka. Ujumbe wako niliusoma nikiwa mwaloni Kirumba, nikauacha mpaka jioni, maana mambo kama haya hayajibiwi huku mtu anapima dagaa. Unauliza kama kuendelea na dawa za TB baada ya kuombewa ni kukosa imani. Kikohozi kimeisha, jasho la usiku limekata, hamu ya kula imerudi, na ndugu wa kanisani kwenu huko Geita wanataka Jumapili usimame utoe ushuhuda na vidonge uvitupe.

Usivitupe.

Huu mwezi wa pili wa dawa ndio wenye mtego. Kidonge unachomeza kina dawa nne ndani yake, nazo huua upesi vile vijidudu vilivyo vingi, ndiyo maana unajiona mzima. Vinabaki vichache vimetulia tuli, na ndivyo vinavyofuatwa ile miezi minne iliyobaki. Ukiacha sasa vitaamka, na vinaweza kuamka vikiwa vimeshaizoea dawa. Hiyo ndiyo TB sugu, waulize waliopita hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro. Mkojo mwekundu usikutishe, ni rangi ya rifampisini. Aliyekwambia ni sumu angemuuliza nesi kwanza. Ila macho yakigeuka njano, au ukitapika mfululizo, nenda kituoni siku hiyo hiyo.

Sasa imani. Tangu uhamie kwa walokole sijakusema hata siku moja, na leo sikusemi. Nakukumbusha Hezekia tu. Aliomba akalia, Mungu akamwongezea miaka 15, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu. Ahadi ilikwisha kutolewa, dawa ikapakwa, wala hakuna aliyemwambia mfalme kwamba ametia shaka. Na wale wakoma kumi wa kwenye Luka walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani, kwa sababu kwa torati kuhani ndiye aliyekagua ngozi na kusema huyu ni safi. Kuhani wako yuko maabara. Mwezi wa pili ukiisha atapima makohozi tena, na hata yakiwa safi utamaliza miezi sita. Ushuhuda utoe hapo, nami nitapanda basi nije nipige vigelegele.

Linaloninyima usingizi ni lile ulilolichomeka mwishoni kana kwamba si kitu, kwamba pengine Mungu anakuadhibu. Kwa lipi, baba? Umeshinda kwenye mashimo ya dhahabu unavuta vumbi la mawe, usiku mnabanana kwenye chumba kisicho na dirisha. Vumbi lile hudhoofisha mapafu, na TB hupita hewani mwenye nayo akikohoa. Wanafunzi walipomuuliza Yesu juu ya yule kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, alisema si yeye wala wazazi wake. Mimi mzazi wako jibu hilo nimelishika kwa mikono miwili.

Nilipougua mimi ulikuwa bweni. Hapa mwaloni ikavuma kwamba nina ngoma, yaani UKIMWI, kwa vile nilikonda na kukohoa. Wateja wangu wa Ukerewe wakawa wanapita mbele ya meza yangu wameangalia ziwani. Nyumbani, jamaa yetu mmoja alifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe changu kisije kikachanganywa na vya wengine, na TB haipiti kwenye kikombe wala sahani! Uzi ule uliniuma kuliko kifua. (Kipimo cha VVU hupimwa kila mgonjwa wa TB. Wako wanaokutwa na vyote viwili, wanameza dawa za pande zote na wanalea watoto wao. Nalo si la kunong'onezwa.)

Wapo waliokuja kuniombea wakaanza kwa kuniuliza nimekosa nini. Wakiondoka, nilikuwa nageukia ukutani. Lakini mama mmoja wa jumuiya yetu alikuja kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Tulikaa nje chini ya mwembe, maana alikuwa ameshamuuliza nesi akaambiwa hewa ya wazi ndiyo kinga. Ananipa vidonge na maji, anasubiri nimeze, ananiambia nipanue mdomo aone kama mtoto wa chekechea, tunacheka, kisha tunasali Baba Yetu. Ndiye aliyeandikwa msimamizi wangu wa dawa. Siku nilizokosa moyo wa kusali alisali yeye, mimi nikameza.

Tafuta mtu wa namna hiyo. Hata yule rafiki yako Mwislamu mnayeishi naye anafaa, maana wao wamefundishwa kwamba Mungu hakushusha ugonjwa bila kushusha dawa yake. Yeye na wenzako wote wa chumbani wakapimwe pia, mwambie nesi. Kazini huna deni la kumtangazia kila mtu. Na mchungaji wako mpe nafasi: mwombe akusindikize siku ya kupeleka makohozi. Akikubali, nitamshukuru kwa jina kanisani kwetu. Akikataa, mheshimu, ila vidonge viweke mbali naye.

Dagaa na unga nimevikabidhi kwa kondakta wa basi la kesho asubuhi, kavipokee stendi. Majibu yakitoka nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako